Kompyuta yako imekataa Windows 11? Mambo ya kujua kabla ya kuhamia Linux

Katika kipindi chetu cha mchana kuna swali limekuwa likirudi kwenye ujumbe wa wasikilizaji: "Laptopu yangu inasema haiwezi kupokea Windows 11, nifanyeje?" Wapo walioambiwa na mafundi wanunue nyingine. Wapo waliosikia neno Linux wakaogopa, wakidhani ni kitu cha wanaoandika programu. Makala haya ni ya hao wa pili, ingawa wa kwanza nao wanaweza kuokoa pesa yao.

Kilichotokea ni hiki. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10. Kompyuta haikuzimika siku hiyo na haitazimika kesho. Kilichokoma ni viraka, yale masasisho ya kuziba matundu ambayo wadukuzi huyatafuta. Waliojiandikisha katika mpango wa nyongeza waliongezewa mwaka mmoja, hadi Oktoba 2026. Windows 11 nayo ina masharti: ramu isiyopungua GB 4, diski ya GB 64, chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, na prosesa iliyo kwenye orodha ya Microsoft. Kwa Intel orodha hiyo inaanzia karibu na kizazi cha nane. Laptopu nyingi za mtumba zinazouzwa mitaani kwetu ni za kizazi cha tatu, cha nne au cha sita. Ni nzima kabisa, zina betri na kibodi nzuri, ila haziko kwenye orodha.

Linux ni nini hasa

Kwa maana yake halisi, Linux ni kiini cha mfumo endeshi, ile sehemu inayozungumza na prosesa, diski, kibodi na skrini. Ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland. Kiini peke yake hakikupi kitu cha kubofya. Hufungashwa pamoja na programu nyingine, nyingi zikitokana na mradi wa GNU ulioanzishwa na Mmarekani Richard Stallman mwaka 1983, ndipo unapata mfumo kamili. Kila mfungashaji ana jina lake: Debian, Fedora, Ubuntu, Linux Mint. Ubuntu ilianzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini na toleo lake la kwanza lilitoka Oktoba 2004. Jina hilo ni la Kizulu na Kixhosa, na kwetu ni utu. Kama una simu ya Android, basi kiini cha Linux kimo mfukoni mwako sasa hivi.

Leseni yake inakuruhusu kunakili na kumpa jirani bila kuvunja sheria. Hili lina uzito kwetu kwa sababu mbili. Kwanza, faili la Linux Mint lina karibu GB 3, na bando si bure. Mmoja akishapakua, wengine kumi wanaweza kunakili kwa flashi. Pili, ile Windows tunayopigiwa dukani kwa bei ya chakula cha mchana mara nyingi imechakachuliwa, na kile kiprogramu kinachotumika kuidanganya kwamba imelipiwa ni mlango mzuri sana wa virusi. Watu wengi hawajui kama yao ni ya aina hiyo.

Ukiniuliza uanze na ipi, nitasema Linux Mint, kwa sababu menyu yake iko kona ya chini kushoto na aliyetoka Windows hapotei. Kwa mashine dhaifu chukua toleo lake liitwalo Xfce. Watengenezaji wanasema ramu ya GB 2 inatosha na GB 4 ndiyo ya kufanya kazi kwa raha. Usitegemee miujiza lakini. Siku hizi kinachomeza ramu ni kivinjari, na ukifungua kurasa kumi na tano kwenye mashine ya GB 2 itakwama tu, iwe Linux au Windows.

Ijaribu kabla ya kuhama

Huna haja ya kufuta chochote ili kuionja. Unaandika lile faili kwenye flashi ya GB 8 kwa programu kama Rufus au balenaEtcher (flashi hiyo itafutwa, kwa hiyo isiwe yenye kazi zako), unawasha kompyuta huku ukibonyeza F12, F9 au Esc kutegemea aina ya mashine, kisha unachagua kuwakia kwenye flashi. Linux itafunguka bila kugusa diski. Hapo ndipo pa kufanya ukaguzi. Wai-fai inakamata? Sauti inatoka? Kamera inaonyesha sura yako? Printa inaonekana? Wai-fai ikigoma, chomeka simu kwa waya na uigawie intaneti kompyuta. Njia hiyo karibu kila mara inafanya kazi palepale. Baadhi ya printa za leza za bei ndogo husumbua, na heri ulijue hilo mapema kama unaishi kwa kazi ya steshenari.

Ukiridhika, nakili kazi zako zote kwenye diski ya nje kabla ya kubonyeza kitufe chochote cha kusimika. Nasema hivyo kwa uchungu. Mara yangu ya kwanza nilikuwa na haraka. Skrini iliniuliza kama Linux ikae pamoja na Windows au diski ifutwe yote. Nikachagua ya pili, nikiamini kwamba inayofutwa ni Windows iliyo kwenye C, na kazi zangu zilizo kwenye D zitabaki. Lakini C na D zilikuwa vyumba viwili vya diski ileile moja. Yalipotea mahojiano ya karibu saa mbili na mzee mmoja aliyekuwa akisimulia maisha ya wafanyakazi wa reli, na nilipopanga safari ya kwenda kumrekodi upya alikuwa ameshatangulia mbele ya haki.

Kuna mtego mwingine. Baadhi ya kompyuta hufungwa diski kwa BitLocker bila mwenyewe kujua. Kabla ya kubadilisha mpangilio wowote, tafuta ule ufunguo wa tarakimu 48 kwenye akaunti yako ya Microsoft na uuandike kwenye karatasi.

Kazi za kila siku

Barua, bajeti ya kikundi na mitihani ya shule hufanyika kwa LibreOffice, ambayo huja pamoja na mfumo. Inafungua na kuhifadhi mafaili ya Word na Excel, na ina kamusi ya kukagua tahajia ya Kiswahili. Hapa Kiswahili kina historia: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, toleo la Kiswahili la programu ambayo baadaye ilizaa LibreOffice. Waraka wa kawaida hauleti shida. Waraka wenye majedwali ya kubanana, au Excel yenye makro, unaweza kuvurugika, basi unayemtumia mpelekee PDF.

Firefox ipo, na Chrome inapatikana. WhatsApp unaifungua ndani ya kivinjari. Kwa kazi ya redio ninahariri kwa Audacity, na kwa anayefikiria kuanzisha kituo, Rivendell ni programu huria ya kuendeshea matangazo iliyotengenezwa kwa ajili ya Linux.

Flashi zetu zinastahili kutajwa peke yake. Kila aliyewahi kwenda kuchapisha steshenari anaujua ugonjwa wa folda kugeuka njia za mkato. Virusi hivyo ni programu za Windows, kwa hiyo kwenye Linux huviona vimelala kama mafaili yasiyo na kazi na unaweza kuvifuta kwa mkono. Ila usipovifuta vitaamka kwenye kompyuta ya mwenzako. Na Linux nayo ina matundu yake. Masasisho ni ya lazima hata huku.

Inaposhindwa

Photoshop na Premiere hazina toleo la Linux. Word na Excel za kusimika pia hazina, unabaki na zile za ndani ya kivinjari. Programu nyingi za uhasibu zinazotumika madukani zimeandikwa kwa Windows pekee. Kuna chombo kiitwacho Wine kinachoendesha baadhi ya programu hizo, lakini sitamshauri mtu aweke mahesabu ya biashara yake juu ya "huenda ikakubali". Kama riziki yako inategemea programu moja ya Windows, baki na Windows, au weka yote mawili.

Ukiweka yote mawili utakutana na kioja: baada ya kutoka Linux, Windows inarudi nyuma saa tatu kamili. Saa sita mchana inasomeka saa tatu asubuhi. Sababu ni kwamba Linux huandika kwenye saa ya ndani ya mashine muda wa dunia, UTC, na Windows huusoma kana kwamba ni muda wa hapa, ambao uko mbele kwa saa tatu. Dawa ni kufungua dirisha la amri kwenye Linux na kuandika: timedatectl set-local-rtc 1. Niliijua baada ya kukaribia kuchelewa taarifa ya habari.

Hata wakubwa wamepata matokeo tofauti. Jandarmari ya Ufaransa ilianza kuhamia Ubuntu mwaka 2008 na leo ina makumi ya maelfu ya kompyuta za Linux. Jiji la Munich nchini Ujerumani lilipitisha uamuzi wa kuhama mwaka 2003, likafikisha kompyuta karibu 15,000, kisha mwaka 2017 baraza la jiji likapiga kura kurudi Windows. Waliopinga Linux walilalamikia nyaraka na programu zisizoelewana. Walioitetea walisema kasoro ilikuwa katika mpangilio wa idara ya teknolojia. Ubishi huo haujaisha.

Kwa nyumbani, wiki mbili za kwanza ndizo ngumu. Mwachie fundi wako Windows kwenye mashine moja ya familia kama ipo, na Linux ianze kwenye ile iliyokuwa imewekwa kabatini.