Mtaa wa Kustaafia

Tarehe 1 Januari 1960, mkandarasi Del Webb aliwafungulia watu nyumba za mfano katika jangwa la Arizona, karibu na Phoenix. Mradi huo aliuita Sun City. Inakadiriwa kuwa watu 100,000 walifika kuutazama kwa siku tatu za mwanzo. Uliowalenga walikuwa na nguvu zao bado: wenye ajira za mwishomwisho au waliostaafu karibuni, waliotaka gofu, bwawa la kuogelea na majirani wa rika lao.

Wamarekani huuita mtaa wa namna hii active adult community. Tafsiri inayokuja haraka ni “makazi ya wazee”, nayo inapotosha vibaya. Mtanzania akisikia makazi ya wazee humjia Nunge kule Kigamboni, au Sebuleni na Welezo kule Unguja, mahali ambapo serikali huwatunza wazee wasio na wa kuwaangalia. Sun City si mahali pa kutunzwa. Mtu hununua nyumba yake, hujipikia, hulipa ada ya viwanja na kumbi, na akiugua hutafuta daktari kama raia mwingine yeyote.

Kinachoutenga mtaa huo ni umri, na umri huo una sheria yake. Mwaka 1988 Marekani ilipiga marufuku kuwanyima nyumba wenye watoto, lakini ikaacha mwanya: mtaa unaweza kujiwekea sharti la umri ikiwa angalau asilimia 80 ya nyumba zinazokaliwa zina mtu mmojawapo wa miaka 55 au zaidi. Ndiyo maana mume wa miaka 58 anaweza kuishi humo na mke wa miaka 49.

Sharti hilo lina makali. Youngtown, mji jirani wa Sun City, ulioanzishwa 1954, ulipoteza kizuizi chake cha umri mwaka 1998, baada ya mvutano juu ya kijana aliyekuwa akiishi na babu na bibi yake. Kwa msomaji wa Pwani au wa Bara, ambaye kwao mjukuu kulelewa na bibi ni jambo la kawaida kabisa, habari hii inaumiza. Mfasiri hana budi kuijua, ili istilahi atakayoichagua isifiche kwamba kuna watu wanaozuiwa.

Basi tuuiteje mtaa huu? “Mtaa wa watu wazima” hautoshi, kwa kuwa mtu mzima ni yeyote aliyetimiza miaka 18. “Wastaafu watarajiwa”, maneno yanayosikika katika semina za mifuko ya pensheni Tanzania, yanapendeza na yana adabu, ila mwenye nyumba akishastaafu hayamhusu tena, naye bado yupo palepale.

Kiswahili kina kauli ya kutendea. Kustaafu huzaa kustaafia, kama kulala kunavyozaa chumba cha kulalia. Nyumba ya kustaafia humfaa aliye kazini anayejiandaa, na humfaa aliyekwisha kukabidhi ofisi. Wala haimwiti mtu mgonjwa au mhitaji. Wafasiri wa mikataba na matangazo ya nyumba waichukue, na kando yake waandike umri bila kuuficha: mtaa wa kustaafia, miaka 55 na kuendelea.