Mswaki Mkononi mwa Mama

Sisi tuliotoka pwani tukatua Rayners Lane tulikuja na mswaki wa mti, tukaja pia na aibu ya zamani: mtoto mlemavu afichwe ndani. Uingereza nayo ilichelewa. Huduma ya afya ya taifa, NHS, ilianza Julai 5, 1948, matibabu ya meno yakiwamo. Lakini utabibu wa meno wa wenye mahitaji maalumu ulitambuliwa kuwa fani ya ubingwa mwaka 2008 tu.

Hata hivyo bingwa humwona mtoto mara chache. Asubuhi na usiku mswaki tunaushika sisi: tunasimama nyuma yake, kichwa akiegemeze kifuani petu, tunasugua polepole. Tumtoeni mtoto, tukafundishwe. Kuuliza si ujinga.