Rosa Mistika: Kitabu Kilichofungiwa Mlango wa Shule

Ukitoka Bunda kwenda Kisorya, ukapanda kivuko mpaka Rugezi, umefika Ukerewe. Huko, kijijini Namagondo, ndiko alikozaliwa Euphrase Kezilahabi mwaka 1944. Na riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika, inaanzia kisiwani humo humo. Ilitoka mwaka 1971, na haukupita muda ikapigwa marufuku shuleni.

Kosa lake? Eti inazungumzia mambo ya ngono waziwazi, itaharibu vijana. Haya, tuifungue tuone.

Rosa ni binti wa Zakaria, mzee mlevi anayempiga mwanawe kwa sababu ya barua ya mvulana. Anachungwa kweli kweli, lakini hakuna anayekaa naye akamweleza chochote kuhusu wanaume. Akienda kusoma mbali na nyumbani, hana cha kumkinga. Chuo cha ualimu Morogoro, mkuu wa chuo, ambaye ndiye angepaswa kumlinda, anamtumia. Mwisho Rosa anajiua. Sasa jamani, ni msichana gani atamaliza hadithi hiyo akatamani kuwa Rosa?

Kinachoshangaza zaidi ni wakati wenyewe. Nchi ilikuwa mikononi mwa Mwalimu Nyerere, mtoto wa Butiama aliyeanza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934. Huyu alikuwa mtu wa vitabu hasa. Alishamtafsiri Shakespeare mara mbili, Julius Caesar na The Merchant of Venice. Katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 alitaka shule zimjengee mtoto akili ya kudadisi. Miaka michache tu baadaye, kitabu kinachodadisi malezi na walimu kikazuiwa kuingia darasani.

Wala si sisi peke yetu. Kule Wisconsin, Marekani, mwaka 1985, mashairi ya watoto ya Shel Silverstein, A Light in the Attic, yalilalamikiwa kwamba yanawafundisha watoto kuvunja vyombo ili wasiendelee kuvifuta. Na hapa nyumbani, Februari 2023, Waziri wa Elimu, Profesa Adolf Mkenda, alitangaza kuvipiga marufuku shuleni vitabu 16 kwa hoja ya maadili, vikiwemo vya Diary of a Wimpy Kid.

Tuseme ukweli, mzazi ana haki ya kuuliza mwanawe anasoma nini. Si kila kitabu ni cha kila umri, na mtoto wa darasa la tatu hana haraka ya kumjua Rosa. Lakini binti wa sekondari je?

Rosa Mistika baadaye ilikubaliwa ikasomwa shuleni, Tanzania na Kenya. Mwaka 2016 Sheria ya Elimu ikarekebishwa: anayempa mwanafunzi mimba anaweza kufungwa miaka 30. Yaani miaka 45 baada ya Kezilahabi kuandika, sheria ilikuwa bado inapambana na watu wa aina ile ile aliowaonyesha. Marufuku ilimnyamazisha shahidi. Wakosaji waliendelea na kazi zao.

Kwa hiyo orodha nyingine ya vitabu vibaya ikitoka, tuulize mapema: ndani ya kitabu hiki ni nani anayeumizwa, na ni nani anayemuumiza? Wakati mwingine anayekerwa na kitabu ni yule aliyejiona ndani yake.