Wakunga Wenye Majina

Neno letu leo limo katika Kutoka, sura ya 1, kuanzia mstari wa 15. Mkilisoma nyumbani mtaona jambo la ajabu. Mfalme wa Misri hakutajwa jina. Ameitwa Farao, nacho ni cheo tu. Bali wale wakunga wawili waliokataa kuwaua watoto wachanga wametajwa wazi: Shifra na Pua.

Leo napenda tumkumbuke mkunga mwingine. Ninyi mnaokaa Gatwekera, kule Kibera, mnaijua reli ipitayo karibu na nyumba zenu. Mwaka 1896 reli hiyo ilikuwa ndiyo kwanza imeanza kujengwa huko Mombasa, na mji wa Nairobi haukuwako. Mwaka huo nesi Mwingereza, Bibi Katharine Timpson, aliondoka pwani na msafara wa wamisionari wa CMS. Safari ile ilikuwa ya miezi, sehemu kubwa kwa miguu, na Februari 1897 wakafika Mengo katika Buganda. Pamoja naye alikuwa daktari Albert Cook. Hospitali ya Mengo ilianza mwaka ule ule, na mwaka 1900 hao wawili wakaoana. Mwaka 1902 radi iliiunguza hospitali, nao wakajenga tena.

Haya yote ni mema, lakini siyo yanayonifanya nimtaje. Baada ya miaka zaidi ya ishirini ya kuwauguza watu, Bibi Cook alitambua kwamba mikono yake miwili haitoshi. Akina mama wengi walikuwa wakijifungulia mbali na Mengo, nao watoto wengi walikufa. Basi baada ya vita vya 1914 hadi 1918 alianza kuwafundisha wasichana wa Kiganda kazi ya ukunga. Na hapo palikuwa na ugumu. Kazi ya kuzalisha ilikuwa ya wanawake wazima, waliozaa wenyewe. Msichana asiyeolewa ataingiaje chumba hicho? Na baadaye atumwe kijijini akakae kituoni, mbali na wazazi wake? Wazazi waliona haya, na sidhani tuna haki ya kuwacheka. Sisi wenyewe tungefikiri mara mbili.

Tena tuseme kweli yote. Serikali ya wakati ule ilisaidia kazi hii hasa kwa sababu ya hofu ya kaswende, na katika vita ile ya kaswende wanawake wengi waliaibishwa kwa kupimwa bila hiari. Wanahistoria wa siku hizi wanaona kwamba hofu yenyewe ilikuzwa mno, na kwamba wengine walidhaniwa kuwa na ugonjwa ambao hawakuwa nao. Kazi njema iliingia kwa mlango usio mzuri.

Hata hivyo wasichana walikuja. Walijifunza, wakafaulu mitihani, wakaenda kwenye vituo vya uzazi mashambani, na huko wakawapokea watoto kwa mikono yao. Daktari Cook aliandika kitabu cha ukunga kwa Kiganda. Na chuo kile, je, kiliitwaje? Kiliitwa kwa jina la Lady Coryndon, mke wa Gavana! Bibi Cook mwenyewe alifariki mwaka 1938, na historia inamkumbuka. Lakini wale wasichana wa kwanza, waliovumilia maneno ya jirani na giza la njia, ni wangapi kati yetu tunaoweza kumtaja hata mmoja? Sisi tumeandika kinyume cha Biblia: tumemtaja mkuu, tukawaacha wakunga.

Mwaka 2023 serikali ya Kenya ilizindua wahudumu wa afya wa jamii wapatao 100,000, kila mmoja na mkoba wake. Wengi ni akina mama. Katika Gatwekera mama wa namna hiyo hupita vichochoroni, akiruka mitaro, akiuliza nani ana mimba na nani amekosa kliniki. Jumapili ameketi nasi kanisani, pengine kiti cha nyuma. Mchungaji, unapowaombea wakuu wa nchi, mtaje naye kwa jina lake.

Tuombe. Bwana, wako akina mama watakaojifungua usiku huu Gatwekera, na wako watakaoitwa mlangoni kuwasaidia. Uwatangulie njiani. Amina.