Mwanya wa kalipa

Mwenye Subaru wa Kanyakine akichoka kupasua tairi nyembamba kwenye barabara za udongo zinazopanda kwenda mashamba ya chai ya Kionyo na Kinoro, wazo linalomjia ni kushusha rimu. Anavua za inchi 17, anatafuta za 15 zilizotumika Japani, ili avalishe tairi yenye ukuta mrefu inayoweza kumeza mawe. Fundi anapiga jeki, anafungua nati, anapachika rimu mpya na kujaribu kuizungusha kwa mkono. Haiendi. "Imekataa, mzee," anasema. Matundu ya nati yako sawa, na stadi zimeingia zote. Kilichokataa ni kalipa, lile kono la chuma linalobana pedi za breki juu ya diski. Limeshika ukuta wa ndani wa rimu.

Watengenezaji wa magurudumu huiita nafasi iliyokosekana hapo "brake clearance". Mafundi wetu hulikata jina hilo wakasema kliarensi tu, na hapo ndipo watu wanapopotezana. Dereva akisikia kliarensi hufikiria umbali kati ya tumbo la gari na barabara. Aliyeagiza gari hufikiria makaratasi ya forodha pale Mombasa. Kwa hiyo yafaa tuwe na jina letu linalotaja kitu kimoja.

"Nafasi" ni pana mno. Hata kiti cha matatu ni nafasi. "Pengo" ni pale kitu kilipokuwa kikaondoka, na "ufa" ni dalili ya kuharibika. Linalobaki ni "mwanya": uwazi mwembamba kati ya vitu viwili visivyogusana, kama ule wa meno ya mbele unaosifiwa na washairi wa pwani. Ni uwazi unaotakiwa kuwapo. Lakini tukisema "mwanya wa breki" tutachanganya na kitu kingine, yaani ule uwazi ambao fundi huurekebisha kati ya viatu vya breki na dramu. Napendekeza basi "mwanya wa kalipa".

Mwanya huu una pande mbili, na asiyezitenganisha hupoteza pesa. Upande wa kwanza ni kati ya mgongo wa kalipa na ukuta wa ndani wa rimu unaouzunguka. Huo tuuite mwanya wa mgongo. Wa pili ni kati ya uso wa kalipa, ule unaotazama nje ya gari, na spoki za rimu; huo ni mwanya wa uso.

Kuhusu mgongo, namba ya rimu haitoshi. Inchi 15, yaani milimita 381, ni kipenyo cha mahali tairi inapokalia, kwa nje. Haisemi ukuta wa rimu ni mnene kiasi gani, wala lile bonde la katikati linalomsaidia fundi kuvalisha tairi limezama kiasi gani kuelekea kwenye breki. Ndiyo maana rimu mbili za 15 huweza kujaribiwa kwenye gari moja, moja ikazunguka na nyingine ikakwama. Impreza WRX STI yenye kalipa za Brembo kwa kawaida hutaka inchi 17 au zaidi. Magari ya Safari Rally, yaliyorudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021 kule Naivasha, hukimbia kwenye udongo kwa rimu za inchi 15, lakini breki zake nazo hushushwa: diski za milimita 300 kwa udongo, 370 kwa lami. Timu zinaposhusha rimu, zinashusha na breki. Mwenye gari la kawaida hushusha rimu peke yake, kisha akashangaa.

Uso nao una hila zake. Wengi huangalia namba ya ET iliyopigwa kwenye rimu, inayoonyesha kwa milimita sehemu ya kufungia iko mbali kiasi gani na mstari wa katikati wa rimu. Namba hiyo ni muhimu kwa kujua kama tairi itagusa matgadi au shokamzoba, lakini haikuhakikishii mwanya wa uso. Rimu mbili za ET48 huweza kuwa moja ina spoki zilizobinuka kwenda nje na nyingine zilizolala ndani.

Isitoshe, mwanya wa uso hubadilika kadiri pedi zinavyoisha. Kwenye kalipa nyingi za magari yetu pistoni iko upande wa ndani tu, na kalipa yenyewe huteleza kwenye pini zake. Pedi ya nje ikilika, mwili wa kalipa husogea ndani, mbali na spoki. Pedi ikitoka milimita 10 ikabaki 3, kalipa imejitoa takriban milimita 7. Mtu akifunga rimu mpya wakati pedi zimeisha, kila kitu kinapita vizuri. Siku akibadilisha pedi, kalipa inarudi nje na kuanza kukwaruza spoki, naye anamlaumu aliyemuuzia pedi. Kalipa zenye pistoni pande zote mbili hazina ujanja huu, kwa kuwa mwili wake hausogei.

Maadui wa mgongo ni wengine. Vyuma vya kusawazisha gurudumu vinavyobandikwa ndani ya rimu hula milimita kadhaa za mwanya. Kokoto ikinaswa kati ya kalipa na rimu huchora mfereji kwenye aluminiamu, na udongo mwekundu wa Meru ukikauka humo ndani huvuruga usawa wa gurudumu, usukani ukatetemeka. Kipimo kinachotajwa sana ni angalau milimita 3 kila upande, kwa kuwa rimu na beringi hujipinda kidogo gari linapokata kona.

Kupima hakuhitaji mashine. Bandika vipande vya unga wa chapati uliokandwa kwenye mgongo na uso wa kalipa, paka mafuta kidogo juu, funga rimu, izungushe polepole, kisha ivue. Unene wa unga uliobaki ndio mwanya wako.

Faida ya majina mawili huonekana kwenye tiba. Mwanya wa uso ukiwa mdogo, spesa, kile kisahani kinachowekwa kati ya habu na rimu, huweza kusaidia, kwa sababu husogeza gurudumu nje. Lakini spesa hula uzi wa stadi. Stadi ya Subaru ina unene wa milimita 12, na kila mzunguko wa uzi ni milimita 1.25; nati inapaswa kushika urefu unaokaribia unene huo, yaani kama mizunguko 10, na spesa ya milimita 5 inakunyang'anya 4. Stadi zisipotosha, badilisha ziwe ndefu. Usirundike washa mahali pa spesa. Mwanya wa mgongo ukikosekana, kwa kawaida spesa haitakuokoa; rimu haiwi pana kwa kusogezwa. Wapo wanaoinoa kalipa kwa grenda. Anayetoka Kanyakine kwenda Embu atateremka hadi daraja la Nithi, mahali ambapo Julai 2022 basi lilitumbukia bondeni na watu zaidi ya 30 wakafa. Kwenye mteremko huo kalipa inahitaji chuma chake chote.

Kwa hiyo, jaribu rimu ikiwa uchi, kabla hujalipia kuvalishwa tairi, na gari likiwa na pedi mpya. Ikikataa kwa uso, bado mna la kuzungumza na fundi. Ikikataa kwa mgongo, mrudishie aliyekuuzia.