Walimu wa Lishe Watokao Makampuni

Katika kurasa nyingine za kitabu hiki cha ukumbusho, wanachama na viongozi wa Chama chetu Kikuu watasoma hesabu za miaka kumi: magunia, maghala na fedha. Sisi twaandika juu ya jambo lisilopimwa kwa mizani ya ghala, nalo ni waajiriwa wa makampuni wanaojitolea kuja katika shule za Afrika kuwafundisha watoto namna ya kula. Shule zilizojengwa na wazazi wenyewe huwapokea kwa shangwe, maana huko walimu ni wachache. Ni wageni wema. Walakini desturi ya makampuni kutufundisha chakula ni ya zamani, na mwanzo wake haukuwa mwema.

Mwaka 1933 Daktari Cicely Williams, aliyekuwa akitumikia Pwani ya Dhahabu, ambayo leo ni Ghana, aliandika habari za watoto waliovimba miguu, ngozi ikibambuka na nywele zikigeuka rangi. Mwaka 1935 aliutaja ugonjwa huo kwa jina la Kiga, kwashiorkor, yaani ugonjwa umpatao mtoto aachishwapo ziwa kwa kuwa mdogo wake amezaliwa. Na yafaa tukumbuke: akina mama wa huko walikwisha kuijua asili ya ugonjwa ule kabla ya daktari kufika. Wao ndio waliomfundisha.

Bibi huyo huyo, mwaka 1939, alisimama Singapore mbele ya klabu ya Rotary, yaani mbele ya wafanya biashara wenyewe, akasema kwamba kumshawishi mama aache ziwa lake anunue maziwa ya kopo ni uuaji. Hawakumsikia. Kwa miaka mingi makampuni ya maziwa yaliajiri wanawake, yakawavika sare kama za wauguzi, wakaenda hospitalini na majumbani wakijiita walimu wa lishe. Mama maskini angejuaje kuwa yule ni mchuuzi? Alinunua kopo, akalitia maji mengi ili lidumu, na maji yenyewe machafu. Mtoto akaharisha, na wengi walikufa. Mwaka 1974 chama cha War on Want cha Uingereza kiliyatangaza hayo katika kijitabu, mwaka 1977 Wamarekani wakaanza kususia bidhaa za Nestlé, na mwaka 1981 Mkutano wa Afya Duniani ukapitisha kanuni kwamba wauzaji wa maziwa hayo wasiwafundishe akina mama.

Tanzania ilishika njia nyingine. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, na ile ya Chakula ni Uhai ya mwaka 1975, zilitumia redio na vikundi vya kusomea vijijini, na kiongozi wa kikundi alikuwa jirani. Tangu mwaka 1983 mpango wa lishe ulianza mkoani Iringa, ambako vijiji 168 vilipima uzito wa watoto wao, wanakijiji wenyewe wakijadili sababu za kupungua kwake. Kufikia mwaka 1988 watoto wenye utapiamlo mkali walipungua kutoka 6 hivi katika kila 100 hadi 2.

Hatusemi kwamba wajitoleaji wa leo ni wachuuzi waliovaa sare. Kampuni ya usafirishaji ya Uholanzi, TNT, ilipopatana na Shirika la Chakula Duniani mwaka 2002, waajiriwa wake walijitolea kusaidia chakula cha shuleni, nao hawakuwa na chakula cha kuuza. Hiyo ndiyo tofauti kubwa. Basi kamati ya shule ina haki ya kumwuliza mgeni, kwa adabu, kampuni yake yauza nini, na kama picha za somo lake zaonyesha maharage, mchicha na dagaa, au pakiti za dukani.

Mkulima naye ana neno katika somo hili. Mwaka 2009 serikali ya Kenya ilianza mpango wa kununua chakula cha wanafunzi katika masoko ya karibu na shule, na mahindi na maharage ya mkulima mdogo yakapata mnunuzi aliye jirani yake.