Vidole vya Kasulu: Historia ya Herufi A na Kidole Kinachoteseka

Mdau, ukikutana na barua ya zamani ya serikali iliyopigwa kwa taipu, tazama kumbukumbu namba. Wakati mwingine utakuta herufi kubwa za bosi, mkwaju, halafu herufi ndogo mbili au tatu. Hizo ndogo ndiye aliyeichapa. Hana jina, hana picha. Historia imembakizia herufi tatu tu, na hata hizo kazichapa mwenyewe!

Kasulu na Kibondo, kule juu kwenye baridi ya Kigoma, wamepita wengi wa aina hiyo. Makarani, wapiga chapa, makatibu muhtasi. Miji hii ilikaa nje ya gridi ya taifa miaka mingi, ikitegemea majenereta ya dizeli. Taipu haijui kukatika kwa umeme. Ndiyo maana ilidumu. Barua za halmashauri, hati za mahakama, mitihani ya shule iliyokatwa kwenye stensili, vyote vilipita kwenye vidole vya mtu. Miaka ya 1990 Warundi na Wakongo walipokimbia vita, na kambi kama Nyarugusu ikafunguliwa Kasulu mwaka 1996, karatasi nazo zikaongezeka. Mkimbizi asiye kwenye orodha ni kama hayupo. Na orodha haijichapi.

Sasa njoo kwenye tatizo lenyewe. Mpangilio wa herufi unaouona hata kwenye simu yako, ule unaoanza na QWERTY, ulitoka kwa Mmarekani Christopher Latham Sholes wa Milwaukee. Kampuni ya Remington ilianza kuuza mashine yake mwaka 1874. Huyo bwana alikuwa anafikiria Kiingereza. Herufi A akaiweka pembeni kabisa kushoto, na watu walipojifunza kuchapa kwa vidole kumi, A ikaangukia kidole kidogo cha mwisho. Kidole dhaifu kuliko vyote.

Kwa Mwingereza si noma sana, herufi anayoitumia zaidi ni E. Kwetu je? Andika "Halmashauri ya Wilaya ya Kasulu". Hesabu: herufi 27, A ziko 8. Andika jina hilohilo kwa Kiingereza, "Kasulu District Council", A ni moja tu. Umeona? Januari 1967 serikali ilipoagiza shughuli zake ziendeshwe kwa Kiswahili, ilikuwa siku ya heshima kwa taifa. Ila kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto kiliongezewa kazi kimyakimya, na hakuna aliyekiuliza.

Wakati huohuo Q na X, ambazo Kiswahili hakizitumii, zimekaa tu zinakula nafasi.

Kumbe wenzetu huko nje walishaanza kuhoji zamani. Mwaka 1915, Wajerumani wakiwa bado wanaishikilia Kigoma, F. W. Heidner alipata hataza Marekani ya taipu yenye kibodi iliyogawanywa katikati. Hoja ni rahisi: mabega ni mapana, kibodi ni nyembamba. Ukichapa kutwa nzima, viganja vinapinda nje, mikono inabanwa, maumivu yanaanza. Ukiigawa, kila mkono unakaa mbele ya bega lake.

Miaka ya 1970 huko Uingereza, Lillian Malt, mtaalamu wa mafunzo ya kuchapa, na mhandisi Stephen Hobday wakatengeneza Maltron. Walifanya jambo moja la akili sana: E, mfalme wa Kiingereza, wakaipa kidole gumba. Gumba lina nguvu, lakini kwenye taipu kazi yake ilikuwa kugonga nafasi tu, kama kijana mwenye misuli aliyewekwa kufungua geti.

Leo mambo yameshuka hadi kwa fundi wa mtaani. Kibodi ndogo kama Corne, iliyobuniwa Japani, ina vipande viwili na vitufe 42 tu. Ile ya kawaida inazidi 100. Unalehemu diodi 42, unapachika vitufe, kila kipande unakipa kijikompyuta chake, unaviunganisha kwa waya wenye jeki kama ya earphone. Fundi simu aliyezoea kulehemu anaiweza. Namba na alama hazijapotea, zimepangwa kwa ngazi: shikilia kitufe cha gumba, herufi zinageuka namba. Programu ya kuendesha, QMK, ni ya bure, na herufi unazipanga unavyotaka wewe.

Gharama yake? Uvumilivu. Wiki za mwanzo spidi inaporomoka, unatafuta herufi kama mtoto wa chekechea. Vidole vina kumbukumbu yao, na kuwafundisha upya wazee hao si kazi ya siku moja. Kwa katibu muhtasi hilo si utani, maana ajira yake imesimama juu ya spidi. Matangazo ya kazi za serikali yamekuwa yakidai hatimkato ya maneno 80 kwa dakika, Kiswahili na Kiingereza. Nani atamruhusu achelewe mwezi mzima ili mkono wake upone?

Hapo ndipo swali lilipo. Wazungu waliona E inawaumiza wakaihamisha. Sisi A tumeiacha palepale, tukachapa hati za kesi, mitihani na orodha za wakimbizi kwa kidole kilekile. Sasa kuihamisha kunataka mistari michache ya programu na pasi ya kulehemu.

Wale wa herufi ndogo baada ya mkwaju hawakupewa nafasi ya kuchagua. Wewe unayo. A yako ungeiweka kidole gani?